Chumvi ya Daktari Wandera

Wajukuu wangu nikiwategea hiki huwa hawakipati. Nyumba ndogo ina mlango mmoja. Ndani analala mtu mwekundu. Upande wake wa kulia yu hai, upande wa kushoto alikufa mwaka wa 1994, na mpaka leo hatujamzika. Ni nani?

Mmoja husema ni jogoo. Mwingine husema ni chifu. Wakishashindwa na kunipa mji, natoa ulimi nje, nachukua mwiba wa mlimau, nauchoma upande wa kushoto mbele ya macho yao wala sipepesi jicho. Wanapiga kelele wakikimbilia uani. Wakirudi ndipo ninapowaambia habari za Daktari Wandera, na leo nimeamua kuziandika.

Mimi ni Khalayi wa Navakholo. Kabla ya mwaka huo nilikuwa mpishi wa kuku. Usicheke. Kwetu harusi inaweza kukosa keki na maisha yakaendelea, lakini ingokho, yaani kuku, ikiharibika, watu wa bwana harusi wataisimulia mpaka watoto wazaliwe. Nilipika sufuria tatu kwa wakati mmoja, na kila sufuria niliionja mara moja tu, kwa ncha ya ulimi. Nikisema chumvi imetosha, imetosha. Hakuna mtu aliyenyoosha mkono kuongeza.

Halafu jino likaniamkia. Lile la mwisho kabisa, chini, kushoto. Lilikuwa limelala ubavu ndani ya ufizi likiwasukuma wenzake. Nikaenda hospitali moja ya misheni, ambayo sitaitaja, kwa sababu ilikuwa na Daktari Wandera.

Mtu huyo alitoka upande wa Busia, Mluhya mwenzetu, mrefu, viatu vyake vinang'aa hata siku ya matope. Watu walimwita Dakika Saba. Jino ambalo mwingine angepigana nalo saa nzima, yeye alilitoa kwa dakika saba kwa saa ya ukutani. Madaktari walitoka mbali kuja kusimama nyuma yake watazame mkono wake. Nilifurahi kupewa yeye.

Alinidunga sindano ya ganzi, akapasua ufizi, akalikata jino vipande viwili, akavitoa, akashona. Niliangalia saa: dakika saba na kidogo. Hata tone la damu halikufika kwenye blauzi. Mkono ulikuwa mzuri, siwezi kusema uongo, na jambo hilo ndilo lililonikera zaidi baadaye.

Alisema ganzi ingeisha jioni. Mdomo uliamka, shavu likaamka. Ulimi uliamka nusu. Upande wa kushoto ulibaki pale kama kipande cha nyama ya mtu mwingine kilichosahauliwa mdomoni mwangu. Niliuuma nikila obusuma, ugali wetu, na sikujua mpaka nilipoona tonge lina damu.

Siku ya saba nilirudi kutolewa nyuzi. Tulikuwa kumi na mbili kwenye benchi. Daktari alitoa nyuzi zangu haraka, kitabu kikubwa cha hospitali kiko wazi mezani, kalamu tayari.

"Habari ya jino, mama?"

"Mzuri, daktari," nikasema.

Akaandika, akageuka. "Anayefuata!"

Sasa nikuambie kitu ambacho kila mtu wa kwetu anakijua. Sisi tukiulizwa habari, tunajibu mzuri kwanza. Hata kwenye matanga, mgeni akifika langoni akauliza habari za hapa, tunamwambia mzuri, tu mzee ametutoka. Mzuri ndiyo inayofungua mlango. Mtu anaingia, anaketi, anapewa maji, halafu ndipo anaambiwa ya pili. Na ya pili ndiyo habari yenyewe. Daktari Wandera alijua hivyo tangu anyonye. Lakini alichukua ya kwanza akaenda zake, na mimi nikabaki na ya pili mdomoni, kwenye ulimi usioweza kuisikia.

Mwezi mmoja baadaye nikarudi. Nilimwambia ulimi umekufa. Hakuuangalia. Alifungua kitabu, akatafuta ukurasa, akanigeuzia.

"Soma, mama. Hii ni nini?"

Nilisoma mpaka darasa la sita, na neno hilo si refu. Jina langu, tarehe, halafu: Mzuri.

"Ulisema mwenyewe. Sasa mimi nifanye nini?"

"Mimi ni mpishi, daktari. Nitaonja na nini?"

Wauguzi wawili walikuwa wamesimama pale. Akawatazama, akatabasamu.

"Ulimi si mguu, mama, utatembea tu. Na wewe si mwimbaji wa redioni. Utazoea."

Wale wasichana wakacheka. Mmoja alijificha nyuma ya faili.

Wiki ya pili yake nilipika harusi ya binti wa jirani. Nilionja kama kawaida, nikaona mchuzi umepooza, nikaongeza chumvi. Nikaonja tena, umepooza, nikaongeza. Baba wa bwana harusi alitia kijiko mdomoni, akakiweka chini polepole, akaomba chai. Hakuna aliyenitukana. Walisema "mzuri, mama" wote, meza baada ya meza, na bakuli zikarudi zimejaa. Harusi iliyofuata aliitwa Ayuma, ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kukata kuku bila kuvunja mfupa.

Basi nikaapa. Sikutaka fidia, na ulimi nilijua haurudi. Nilitaka neno lile lifutwe kwenye kitabu, alifute yeye kwa mkono wake ule unaosifiwa, mbele ya watu, na awe na kitu kichungu mdomoni wakati anafanya hivyo.

Nilingoja miaka miwili.

Mwaka wa 1996 akaja kwangu msichana wa chuo kikuu, Beverlyne, mzaliwa wa Lumakanda, akisomea udaktari wa meno. Mzee wa kanisa alimtuma kwangu kwa sababu najua lugha na njia zote. Alikuwa amebeba mfuko wa karatasi na uso wa mtu anayetaka kulia.

"Kukhu, nimeharibu kazi yangu," akasema, akiniita bibi kwa lugha ya kwetu. "Nilitaka kujua kama daktari anayesifiwa na madaktari wenzake, wagonjwa wake pia huwa wazima zaidi. Wazee wa kazi wamesimama wakiangalia wanaotoa meno, wakawapa alama za mkono. Nikaenda nyumbani kwa wagonjwa sitini kuwauliza. Tazama."

Nikatazama. Mzuri. Mzuri. Mzuri sana. Mzuri.

"Kwa hizi karatasi hakuna daktari mbaya Kakamega nzima," akasema. "Aliyepata alama nyingi na aliyepata kidogo ni sawa tu."

"Uliwauliza vipi?"

"Nilisema, habari ya jino?"

Nilicheka mpaka mate yakanitoka kushoto, mahali ambapo siyasikii. "Binti yangu! Wewe umewapa salamu. Na wao wamekurudishia salamu. Kuna nyumba hata moja uliyokaa chini?"

"Sikukaa, kukhu. Nyumba ni nyingi."

"Na hao madaktari ni akina nani?"

"Ni wawili. Daktari Jepkemboi, ni mgeni kwenye kazi, mkono wake bado mzito. Na Daktari Wandera. Huyo ndiye mwenye alama za juu kabisa."

Moyo wangu ulisimama wima kama jogoo aliyesikia mwenzake. "Weka karatasi hizo chini," nikamwambia. "Kesho tunaanza upya, na mimi nitakuwa nawe."

Njia yangu ilikuwa hii. Nilibeba mahindi ya kuchoma kwenye kikapu, bado ya moto, yamefungwa kwa kitambaa. Tunafika, tunasalimia, tunaambiwa mzuri. Tunakaa. Nampa mwenye nyumba hindi, nanyamaza. Mtu akitafuna hindi huwezi kudanganywa. Utaona anatumia upande gani, anameza lini, anashika shavu saa ngapi. Akifika katikati ya hindi ndipo ninamwambia, "Mzuri nimeisikia. Sasa nipe ya pili." Beverlyne anaandika.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Phanuel Shikanga, mkata miwa, mtu wa Wandera. Alikula hindi lake, na punje tatu zikabaki zimening'inia kwenye mdomo wa chini bila yeye kujua. Mkewe akanyoosha mkono akampangusa kama mtoto.

"Kukhu, tangu hilo jino, huu mdomo si wangu," akasema. "Chai inamwagikanga kwa shati mbele ya watu. Wakataji wenzangu wananiita Mtoto."

"Ulimwambia daktari?"

"Aliniuliza habari, nikasema mzuri. Nikitaka kuendelea, nikaona mgongo."

Nikafurahi. Ndiyo, nilifurahi kwa shida ya mtu, na sijisifu. Nyumba ya nne tulimkuta Awinja, mwimbaji wa kwaya ya kanisa, naye ulimi wake nusu umelala kama wangu. Sauti ipo lakini maneno yanateleza, amehamishwa mstari wa nyuma. Nilimkumbatia, na kichwani nilikuwa nahesabu: wawili.

Lakini baada ya hapo mambo yakaanza kunikasirisha. Nyumba baada ya nyumba niliwapa watu wa Wandera mahindi, na nyumba baada ya nyumba waliyatafuna pande zote mbili na kuniomba mengine! Hawakuvimba. Walikula siku ya tatu. Mama mmoja alisema alilima siku ya pili. Nilikuwa naenda kutafuta makaburi, nikakuta watu wananenepa. Wa Jepkemboi ndio waliovimba mashavu wiki nzima na kushindwa kufungua mdomo. Mkono wa yule adui yangu ulikuwa mzuri kweli kweli, na mimi ndiye niliyekuwa nikiuthibitisha kwa mahindi ya shamba langu.

Siku moja Beverlyne alienda kuchota maji, akaniachia karatasi na penseli. Ya juu ilikuwa ya mtu wa Wandera aliyekula siku ya tatu. Ningeweza kuifanya tatu iwe kumi na tatu. Alama moja tu mbele. Nani angejua? Niliweka ncha ya penseli pale, na mkono ukakataa. Si kwa wema. Nilikumbuka ukurasa wangu kwenye kile kitabu: neno la uongo juu ya mdomo wangu, limeandikwa na mtu ambaye hakungoja kusikia. Nikiandika hivi nitakuwa yeye. Mimi nilitaka nimchape kwa fimbo yake mwenyewe, si ya kuazima. Nikarudisha penseli.

Kazi ilipoisha Beverlyne alinieleza alichokiona, tukimenya viazi.

"Ukiwauliza watu vizuri, kukhu, mkono unaonekana. Mwenye mkono mwepesi, watu wake wanaumia kidogo na kula mapema. Lakini ganzi isiyoisha iko kwa wote wawili. Wandera ana wanne, Jepkemboi ana watatu."

"Watatu? Mbona hao hawakulia wala kulalamika?"

"Kwa sababu aliwaambia kabla hajagusa jino kwamba inaweza kutokea. Na ilipotokea akawaita, akakaa nao, anawapima kila mwezi. Wanamwita binti yetu. Wale wanne wa Wandera hata jina lake hawataki kulisikia."

"Na mimi ni wa tano," nikasema, nikamtolea ulimi. Akaushika kwa kitambaa, akauchunguza kushoto na kulia, muda mrefu. Alikuwa mtu wa kwanza mwenye elimu hiyo kuuangalia.

Sasa, hospitali ikaandaa chakula cha mchana Novemba. Kazi ya Beverlyne ingesomwa, wagonjwa wengine wamealikwa, na Daktari Wandera angetangazwa kuwa mwalimu wa madaktari wachanga. Mpishi aliitwa Ayuma. Nikamfuata jikoni.

"Ayuma, wewe ni mwanafunzi wangu."

"Hiyo sijakataa, mama."

"Bakuli moja tu nipe nipeleke mimi. La daktari."

Akanitazama, akatazama mfuko wa chumvi uliokuwa kwapani mwangu. "Utamuua?"

"Kwa chumvi? Huyo mrefu hivyo?"

"Basi mimi naenda kuangalia kuni," akasema, akatoka, na huko nje nikamsikia anacheka peke yake.

Nilitia vijiko vitatu vilivyojaa, nikakoroga mpaka vikapotea. Juu yake nikaweka firigisi, kipande cha heshima. Ukumbini watu walikuwa kama sitini. Mganga mkuu wa hospitali ameketi mwisho wa meza, Wandera kulia kwake, suti ya kijivu. Mbele yao Beverlyne alikuwa amepanga karatasi zake na vile vitabu vikubwa vya hospitali alivyokuwa amevitumia. Cha mwaka wa 1994 kilikuwa cha pili kutoka juu. Nilikuwa nimemwomba asikisahau.

Nikamwekea bakuli kwa mikono miwili, nikapiga goti kidogo. Akatia kijiko, akameza. Macho yakamjaa maji.

"Habari ya mchuzi, daktari?" nikauliza kwa sauti, meza nzima isikie.

Yeye ni mtu wa kwetu. Mwanamke mzee amempa firigisi mbele ya watu, wageni wanatazama. Angejibu nini?

"Mzuri, mama," akasema. "Mzuri sana."

Nikatoa daftari kwenye aproni na penseli niliyoichonga asubuhi. Nikaandika polepole, huku nasoma. "Daktari Wandera. Mchuzi. Mzuri sana. Tarehe ishirini na tatu." Nikamgeukia jirani yake. "Anayefuata!"

"Mama, lakini huu mchuzi..."

"Nimeshaandika, daktari."

"Una chumvi ya..."

"Soma mwenyewe. Hii ni nini?" Nikamgeuzia daftari.

Mganga mkuu alichovya kijiko kwenye bakuli lile, akalamba, akakohoa. Watu wakaanza kunong'ona. Wandera alinitazama usoni kwa mara ya kwanza maishani mwake, na nikaona ananitafuta ndani ya kichwa chake, ukurasa baada ya ukurasa.

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni Mzuri wa mwaka wa 1994. Jino la chini kushoto, dakika saba. Mpishi."

Hapo Awinja akasimama huko nyuma. "Na mimi ni Mzuri wa mwaka jana," akasema, na maneno yakamteleza, na hakujali.

"Mzuri wa Februari," akasema Shikanga. "Wengine wananiita Mtoto."

Niliweka daftari chini, nikachukua jagi la maji lililokuwa mezani. Wandera akalitazama. "Naomba maji, mama."

"Utazoea," nikamwambia. "Kwani wewe ni mwimbaji wa redioni?"

Hakuna aliyecheka, na hapo ndipo nilipojua amesikia. Nikakivuta kitabu cha 1994, nikakifungua pale nilipokuwa nimeweka jani la hindi, nikakisukuma mbele yake. Alishika kalamu. Ule mkono, wajukuu wangu! Ule ambao watu walitoka mbali kuutazama, sasa ukumbi mzima uliutazama. Alipiga mstari juu ya neno lake. Akauliza chini chini, "Niandike nini?"

"Niulize."

Akalamba midomo, na chumvi ikamkumbusha. "Ulimi ukoje, mama?"

Nikavuta kiti nikakaa. Nilimpa ya pili yote. Tonge lenye damu, harusi, bakuli zilizorudi zimejaa, wale wasichana waliocheka. Sikuharakisha. Aliandika mstari baada ya mstari mpaka ukingoni mwa ukurasa, na jasho likamtoka kwenye kola. Nilisoma yote, neno kwa neno, kwa kidole. Ndipo nikamimina maji. Alikunywa glasi tatu bila kupumzika.

Alipewa kufundisha mkono, kwa sababu mkono anao, na mimi mwenyewe nililisema hilo walipouliza. Lakini mganga mkuu aliamua kwamba kuuliza wagonjwa kungefundishwa na Daktari Jepkemboi, na kwamba Daktari Wandera angeketi darasani pamoja na wale wachanga, kwenye benchi, ajifunze. Nasikia benchi lenyewe ni fupi na magoti yake yanafika kifuani.

Sasa tunakutana siku za soko, hapa Navakholo, ninapouza nyanya, akija kununua kuku. Hawezi kunipita, watu wote wanajua.

"Habari yako, mama?"

"Mzuri, daktari," namwambia.

Halafu nanyamaza. Na yeye anasimama. Jua linachoma, kuku wanapiga kelele mkononi mwake, viatu vinashika vumbi, na hasogei, anangoja nimpe ya pili. Siku nyingine ninayo. Siku nyingine sina lolote kabisa. Napanga nyanya zangu moja moja, nazipangusa, nazigeuza upande mwekundu uonekane, na ninamwacha hapo hapo.